Geti lilivyomeza h, na tulivyoweza kupiga na mwimbaji wa taarab

Sisi tuko watatu, tunapiga muziki wa mashine hapa Dar, hatuna nyimbo za kuandika, tunawasha tu vyombo tunaanza na kila mtu anamfuata mwenzake mpaka iishe yenyewe. Mmoja wetu katokea kwenye singeli, amezoea biti 200 na zaidi kwa dakika, mwingine analaza gitaa mezani anaikwaruza kwa kijiko na betri ya redio, mtindo ambao Keith Rowe wa AMM, kundi la muziki wa kubuni papo hapo, alikuwa anaufanya London tangu miaka ya 60. Mi niko kwenye sintesaiza na laptopu.

Mwaka jana tukamwomba mama mmoja wa taarab kutoka Unguja aje aimbe na sisi. Simtaji jina, sisi tunamwita Bi Mkubwa. Nauli ya boti tulimtumia mapema na hela yake tukampa kabla hajagusa maiki, na nashauri mtu yeyote afanye hivyo hivyo, usimwite mtu mzima avuke bahari afu uanze kumwambia tutaona baada ya shoo.

Siku ya kwanza ya mazoezi ilikuwa sebuleni kwa mwenzetu, Magomeni. Tukamwamkia, marahaba wanangu, akakaa, akaimba beti moja taratibu. Sasa pale ndani kuna feni na jirani kawasha jenereta, kwa hiyo mi nilikuwa nimeweka geti kwenye maiki, ile inayofunga sauti zote ndogo na kufungua mtu akiimba tu. Na bila kumuuliza nikamkamata kipande kwenye luupu, ile inayorekodi sauti na kuirudia rudia, nikakiacha kizunguke. Bi Mkubwa alikuwa ameimba "hutanipata". Luupu ikawa inasema utanipata, utanipata, utanipata, spika zote mbili, na mwenzangu wa singeli ndo kwanza anaongeza biti juu yake.

Akanyamaza. Akachukua mkoba wake akasema anaenda kuswali. Alivyorudi akaniambia, "Mwanangu, mimi nimemkataa mtu, wewe umenifanya namwita. Mbele za watu."

Nilirudia ile rekodi usiku kucha nijue imekuwaje. Kumbe h ni pumzi tu, haina nguvu, geti inasubiri sauti ipande ndo ifungue, kwa hiyo kila neno linaloanza na h linaliwa kichwa. Kwenye lugha nyingine labda ungepoteza ladha tu, kwenye Kiswahili umegeuza kataa kuwa kubali: hutarudi ikawa utarudi, hataniona ikawa ataniona. Nikaitoa geti kabisa. Feni tukaizima tukatoka jasho, maiki tukaisogeza karibu na mdomo, spika tukazigeuza zisimtazame ili zisipige mluzi, basi.

Tatizo la pili lilikuwa la sauti zenyewe. Yeye anaimba bayati, moja ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, na kwenye bayati noti ya pili haipo kwenye kinanda, inakaa katikati ya funguo mbili. Tulianzia noti ya la, yaani A, hezi 220 (mitetemo 220 kwa sekunde). Kinanda changu kinanipa 233 au kinanipa 247, yeye anasimama kwenye 240 hivi na hayumbi. Nikibonyeza huku au kule, sauti zetu mbili zinagombana, unasikia zinatetema kama mara 7 kwa sekunde, kama mdudu kaingia sikioni. Mpiga udi au fidla hana shida hiyo, kidole anakiweka anapotaka, na ganuni, ile ya nyuzi nyingi inayolazwa, ina vile vichuma vya kupandisha na kushusha. Mi nikaingia kwenye programu nikaishusha noti ya si, yaani B, kwa senti 50, nusu ya hatua ndogo ya kinanda, na ikakaa vizuri. Ila nilivyozidi kumsikiliza nikagundua akipanda anaiweka hapo, akishuka anaiteremsha kidogo zaidi, na hakuna namba utakayoandika ikatosha. Nikaamua noti ile iwe yake peke yake. Mi nabaki na noti za la na re tu, zinavuma chini kama feni.

Lakini kilichotufungua kweli ni neno lake moja. Siku ya tatu tumepiga kama dakika 15, akatuambia, "Nyinyi mnapiga taksim watatu kwa pamoja, ndiyo maana hamsikilizani." Taksim ni pale mpiga udi anapoachiwa atembee peke yake ndani ya maqamu, bila ngoma, wengine wakimngoja. Nilidhani tunamletea kitu kigeni, kumbe kubuni papo hapo ameishi nako, vikundi vya Unguja kama Nadi Ikhwan Safaa vipo tangu 1905 na huu ustadi wamerithishana humo. Tukaanza upya: mmoja anatembea, wengine wanashikilia la. Yeye akitembea, wote tunashikilia.

Na luupu ikarudi, kwa masharti yake. Alikuwa na leso mkononi. Ikiwa mkononi, marufuku kumkamata. Akiitupia begani, ruhusa, na anakuwa kwenye irabu ndefu tupu, aaa au iii, hakuna neno la kuharibu. Zile irabu ndo mwenzangu wa singeli alizikatakata akazipeleka kwenye biti zake, na zilikuwa nzuri mno, sijawahi kumsikia anapiga taratibu vile.

Usiku wenyewe ukumbi ulikuwa mdogo, vijana wengi na kinamama waliomfuata yeye. Kama dakika ya 20 leso ikashuka kutoka begani, sisi wote tukarudi kwenye la, akavuta pumzi akasema "hutanipata" na ile h ikafika mpaka ukuta wa nyuma. Kinamama wawili wakainuka kuja kumtunza, noti za 10,000 mkononi, wakapita katikati ya nyaya zetu, na mwenzangu wa gitaa akawanyanyulia waya wasijikwae huku mkono wa pili bado uko kwenye nyuzi.