Siku moja maishani mwangu: zamu ya mapokezi katika gereza la wanawake

Mimi ni askari magereza, na kazi yangu ni mapokezi. Kila mwanamke anayeletwa kwetu, awe mahabusu au amehukumiwa, hupita mezani kwangu kabla ya kufika bwenini. Nasoma hati yake, naorodhesha mali zake, nampekua, namuuliza kama anaumwa, kama ana mimba, kama kuna mtu humu ndani anayemwogopa. Watu wa nje hudhani tunashinda tukifunga makufuli. Mimi nashinda nikiuliza maswali na kuandika majibu, na jibu likiandikwa vibaya mtu anaweza kuumia usiku huohuo.

Naandika kuhusu siku moja ya hivi karibuni kwa sababu mjadala wa wafungwa transijenda, yaani wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa, katika magereza ya wanawake umekuwa mkali, na wengi wanaoubishania hawajawahi kushika hati ya mahabusu mkononi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nakabidhiwa zamu na kusoma kitabu cha matukio. Usiku ulikuwa shwari, isipokuwa mama mmoja aliyepandwa na homa.

Saa kumi na mbili. Tunafungua na kuhesabu. Hesabu ikigoma hakuna anayetoka, lakini leo imekubali mara ya kwanza.

Saa mbili. Wa mahakamani wanapanda gari.

Kuanzia hapo hadi saa nane ni mawakili, wageni, wanaoachiwa huru na makaratasi yao. Miguu inaanza kuuma mchana, na kiti cha mapokezi huwa nakikalia kwa nadra.

Saa tisa na nusu. Gari la mahakama linarudi. Wetu wanateremka, na nyuma yao anateremka mgeni. Mrefu, amekumbatia mfuko wa nguo, macho chini. Askari wa msafara, kijana, ananisogelea huku akitabasamu.

"Afande, huyu hata sisi hatujui ni wa wapi. Hati inasema kwenu, kitambulisho kinasema mwanamume. Si umpekue tu, tujue?"

Nilimwambia: "Kijana, hapa havuliwi mtu nguo ili wengine wajue." Sikupandisha sauti, ila tabasamu lilimtoka. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema upekuzi wa kuvua nguo ufanywe pale tu unapolazimu kabisa, faraghani, na mtumishi aliyefunzwa wa jinsia moja na mfungwa. Zinakataza pia upekuzi kutumiwa kumdhalilisha mtu. Kanuni hizohizo, ya 7, zinataka tunapomwandikisha mtu tuheshimu jinsia anayojitambua nayo. Na ya 11 inataka wanawake na wanaume wafungwe mbalimbali. Yote matatu yananihusu, na yote matatu yalikuwa yamesimama mbele yangu na mfuko wa nguo.

Nikamuuliza aitwe nani. Akataja jina la kike, lilelile lililo kwenye hati. Nikamuuliza angependa apekuliwe na nani, nikaandika jibu lake neno kwa neno. Kosa aliloshtakiwa ni wizi. Nilipomwambia kwamba bado sijajua atalala wapi, aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Mama, ukinipeleka kule kwa wanaume, naomba uandike humo kwamba nilikuomba usinipeleke."

Niliandika. Sijawahi kuandika sentensi iliyonielemea kama hiyo.

Kisha simu. Karani wa mahakama hapokei. Gereza la wanaume wanasema hati haina jina la gereza lao, hawawezi kumpokea. Naomba rekodi ya makosa yake ya nyuma; naambiwa ipo kwenye jalada, jalada limefungiwa, mwenye ufunguo ameshaondoka. Mkuu wa gereza yuko kikaoni. Napiga tena kwa karani. Askari wa msafara wanataka saini yangu waondoke, na kila baada ya muda mfupi mmoja anakuja kunisimamia mezani na kushusha pumzi. Napiga tena. Nilichohitaji alasiri yote ile ni karatasi moja: je, mtu huyu aliwahi kumdhuru mtu? Aliwahi kubaka? Nje huku wanagombana kuhusu mwanamke ni nani, na mimi siwezi kupata karatasi inayoniambia nani yuko hatarini.

Wanaodhani karatasi hiyo ni jambo dogo wakumbuke Uingereza, mwaka 2017. Karen White, transijenda aliyewahi kuhukumiwa kwa makosa ya ngono, aliwekwa mahabusu katika gereza la wanawake la New Hall, akawashambulia kingono wanawake humo. Serikali ilikiri kwamba makosa yake ya nyuma hayakuzingatiwa ipasavyo, ikaomba radhi. Mwaka 2018 akapewa kifungo cha maisha. Januari 2023 ikawa zamu ya Scotland: Isla Bryson, aliyetiwa hatiani kwa kubaka wanawake wawili, alipelekwa Cornton Vale, gereza la wanawake, kisha baada ya kelele kubwa akahamishiwa gereza la wanaume. Wanawake wale wa New Hall hawakuwa na mlango wa kutokea. Mtu akiniambia hofu yao ni chuki tu, sikubaliani naye.

Na wanaosema dawa ni kuwatupa wote kwa wanaume, wamkumbuke Dee Farmer. Alikuwa mwanamke transijenda aliyewekwa mwaka 1989 miongoni mwa wanaume katika gereza la Terre Haute, Marekani. Alieleza kwamba alipigwa na kubakwa ndani ya seli yake. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1994 ilisema ofisa wa gereza anayeijua hatari kubwa inayomkabili mfungwa na kuipuuza anavunja katiba. Ukisoma hukumu ile ukiwa umevaa sare, unaelewa kwamba "sikuwa na chumba" si utetezi.

Jioni habari zilikuwa zimeshafika bwenini, waliorudi mahakamani wamezipeleka. Nyapara akaja mlangoni, mwanamke mtu mzima tunayeheshimiana.

"Afande, hatujaja kumtukana mtu. Lakini wapo humu wasiolala hata sasa, kwa yale waliyofanyiwa. Watuambie kwanza ni nani."

Najua anaowasema. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, zinataka uchunguzi wa afya wa kila mwanamke anayeingia uangalie kama aliwahi kubakwa au kufanyiwa ukatili mwingine. Mimi ndiye ninayekaa nao wakati wa majibu hayo. Nilimwambia nyapara kwamba hakuna atakayeingizwa bwenini usiku huu kabla hatujajua rekodi yake. Nilimwambia pia kwamba aliye mapokezi anatetemeka, na kwamba naye ni mfungwa wangu.

Giza likaingia. Zamu yangu ilikuwa imekwisha zamani, mwenzangu wa usiku amefika, lakini huwezi kumkabidhi mtu jambo ambalo hata wewe hujalifikisha mahali. Kichwa kiligonga. Msafara uliondoka na saini yangu na maelezo ya ukurasa mzima chini yake.

Mkuu alipofika, wazo la kwanza lililotajwa ni lile la kila siku: aingizwe seli ya adhabu, peke yake, "kwa usalama wake". Hapo nilisimama. Kumfungia mtu peke yake saa 22 au zaidi kwa siku bila mazungumzo ya maana, Kanuni za Mandela zinaita kifungo cha upweke, na kikizidi siku 15 mfululizo zinakikataza kabisa. Huanza kama usiku mmoja na hugeuka miezi, kwa kuwa aliyefichwa hana anayemkumbuka. Nilisema hivyo mbele ya wote, na mkuu, nampa haki yake, alinisikiliza hadi mwisho.

Tukaafikiana apewe chumba kilicho jirani na zahanati, askari wa kike mlangoni, aoge kwa saa yake mwenyewe. Katika magereza ya Marekani, kanuni za mwaka 2012 za kuzuia ubakaji gerezani zilipotolewa zilimpa mfungwa transijenda nafasi ya kuoga peke yake, na zilitaka aamuliwe mahali pa kukaa kwa kumtazama yeye na hatari iliyopo. Hilo halihitaji fedha nyingi.

Katika kitabu cha matukio niliacha haya kwa mkono wangu: apewe saa zake za uwanjani kama wengine; asile peke yake zaidi ya siku anazotaka mwenyewe; bweni lielezwe kinachoendelea; kikao saa tatu asubuhi, daktari awepo, na jalada lipatikane kabla ya kikao, si baada. Siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko yangu. Nilimwambia mkuu kwamba nitakuja kikaoni, na kwamba swali langu la kwanza litakuwa kwa karani wa mahakama.