Simu kutoka Corvallis

Jioni hii nimepigiwa simu na mwanafunzi wa Oregon State, chuo nilichosoma huku Marekani, mjini Corvallis. Binti mwenye adabu tele, anaomba wahitimu tuchangie wanamichezo.

Nikamsikia akivuta pumzi kabla ya kutaja kiasi.

Dola 50.

Nimeingiwa na simanzi, jamani. Watani wetu wa jadi, University of Oregon pale Eugene, hata saa moja kwa gari haifiki, wana mhitimu anaitwa Phil Knight, mwanzilishi mwenza wa Nike. Mwaka 2007 yeye na mkewe Penny waliahidi dola milioni 100 kwa michezo ya chuo chao. Kwa mkupuo mmoja!

Tunamenyana nao kwenye futiboli ya Kimarekani tangu 1894. Mwaka 2024 wakahamia Big Ten, ligi kubwa ya michezo ya vyuo, sisi na chuo cha Washington State tukabaki wawili tu kwenye Pac-12, ligi tuliyokuwa nao. Na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Pengo hili la fedha tutaliziba na nini?

Siwachukii. Hayward Field, uwanja wao uliojengwa upya kwa michango ya kina Knight, ndipo Faith Kipyegon wetu alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 2025. Nilipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje.

Basi nikamwambia binti sawa, nitatoa. Akashukuru, halafu nikamsikia akiwanong'oneza wenzake: "Amekubali!"

Mliosoma huku, mnachangia vyuo vyenu? Na nyie wa nyumbani, shule yako ya zamani ikikupigia leo, utatoa?