Mvua ya mwaka na ng'ombe wangu

Wiki ya saba sasa mvua haijatuacha. Kuna saa jua linatoka kali mpaka mvuke unapanda juu ya makuti, ukianza kufurahi tu unasikia ile sauti inakuja kutoka baharini, shwaaa, na kabla hujafika barazani ushalowa. Ndiyo mvua ya mwaka hii, wazee wetu huku hawasemi masika, wanasema mwaka, inaingia na upepo wa kusi na mwezi wa Mei ndio wenyewe.

Mimi niko Kisauni ya ndani, ukipita Utange kama unaenda Mwakirunge. Nina ng'ombe watano. Walikuwa sita, nitafika hapo.

Kila mtu nikikutana naye ananiambia sasa hivi una raha wewe, majani bwerere. Ni kweli majani ya nepia yamenipita kimo, kiangazi nilikuwa nanunua nyasi kwa gari na kuzungusha machicha ya nazi kwa majirani, sasa nakata hapa hapa nyuma ya nyumba. Lakini majani ya mvua ni maji. Ng'ombe anakula mpaka tumbo limejaa, na bado ana njaa kwa sababu alichokula kingi ni maji, unaona kinyesi kinatoka kama uji. Kwa hivyo nakata leo nalisha kesho, nayatandaza chini ya banda yanyauke kwanza, na asubuhi kabla ya yote nawapa mabua makavu ya mahindi niliyoweka tangu mwezi wa pili. Ukimpa majani machanga mabichi na njaa ya usiku anaweza kufura tumbo na tumbo likifura huna muda mrefu.

Kazi kubwa lakini ni tope. Tope lenyewe ndilo linaloniamsha saa kumi alfajiri. Ng'ombe akilala kwenye unyevu kiwele kinashika wadudu, na kwato zikikaa kwenye maji siku baada ya siku zinalainika zinaoza katikati, ataanza kuchechemea, akichechemea haendi kwenye hori, asipokula maziwa yanakata. Yote inaanzia sakafu. Mwaka juzi niliweka simiti yenye mteremko nusu ya banda, nusu nyingine pesa iliisha, na hiyo nusu ndiyo inanitesa mpaka leo, nachota samadi kwa koleo na wilibaro, namwaga maranda ya fundi seremala wa jirani, kesho yake ni uji tena. Mkamaji wangu nimemwambia kabla hajakama afute kiwele kwa maji ya moto kila ng'ombe na kitambaa chake, na zile tone za kwanza akamulie kwenye kikombe cheusi, ukiona vibonge vibonge ujue kiwele kimeshaingia ugonjwa na maziwa hayo hayaendi kwa mtu.

Sasa nieleze ya huyu wa sita.

Alikuwa mtamba wa miezi 16, nimemzalisha mwenyewe, mamake ndiye anayenipa maziwa mengi kuliko wote hapa. Nilikuwa nahesabu miezi nimpandishe. Mvua ilivyoanza kupe wakaja na majani, na dawa ya kupe inataka ng'ombe mkavu, ukimpulizia halafu anyeshewe umeosha pesa yako. Nikasema nitangoja siku kavu. Nikangoja wiki, nikangoja ya pili. Kila siku nilikuwa kwenye tope na koleo, nikiwaangalia kwa macho tu, sikuwashika.

Siku ya Jumatano hakumaliza chakula. Alhamisi alikuwa amesimama pembeni manyoya yamemsimama, nikamshika chini ya sikio nikakuta tezi imevimba kama yai la kuku. Nilijua hapo hapo. Kipimajoto kikasema 41. Ni ndigana kali, hii inayoletwa na yule kupe anayependa masikio, na ng'ombe wa kienyeji kidogo wanaihimili, lakini hawa wetu wa mchanganyiko inawabeba haraka. Wazungu wameipa jina la pwani hii yetu kabisa, East Coast fever, maana ilifika kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1900 pamoja na ng'ombe waliopelekwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Hapa kwetu ni jirani wa siku zote, na mimi niliisahau wiki mbili.

Nikampigia daktari wa mifugo, akapanda bodaboda, njia ilikuwa imekatwa na maji pale bondeni, wakarudi. Ijumaa alikuja kwa miguu viatu mkononi, Mungu ambariki, akamdunga. Lakini dawa ile inataka uwahi, akishaanza kupumua kwa shida na povu linatoka puani ni kwamba mapafu yamejaa maji. Alikufa magharibi, adhana ikiendelea, mamake akilia upande wa pili wa boriti.

Kuna watu walikuja usiku wakaomba nyama. Nilikataa, nilijua ana sindano mwilini na hakuchinjwa. Walikasirika na sijajuta. Tulichimba shimo na vijana wawili wa jirani, kila tukichimba maji yanajaa, tukawa mmoja anachota ndoo wawili wanachimba, mpaka saa tano usiku.

Wengine wote nimewachanja Jumatatu iliyofuata. Ni sindano mbili siku moja, moja ina wadudu wenyewe wa ndigana wakiwa hai na nyingine ni antibayotiki ya kuwatuliza, mwili unajifunza. Kama unafuga ng'ombe wa gredi, hawa wa mchanganyiko, huku pwani na hujachanja nakuomba usingoje kama mimi, kusanyaneni majirani kwa sababu chanjo inakuja kwa dozi nyingi kwa pamoja, ukiwa peke yako gharama inakuumiza.

Na mwenye ng'ombe akiharibu mimba kipindi hiki cha mafuriko usimshike kwa mikono mitupu, huenda ni dalili ya Homa ya Bonde la Ufa. Mvua za 1997 na zile za mwisho wa 2006 zilileta homa hiyo hapa Kenya kwa sababu ya mbu, na ilikufa mifugo na watu pia. Maziwa chemsha, kila siku.

Maziwa nayo, njia ikikatika mnunuzi haji, lita 20 ziko ndani na stima hakuna. Mke wangu ameanza kugandisha mala, majirani wanakuja na vibuyu na sufuria zao, wengine wanalipa wengine watalipa kukikauka, sawa tu.

Siku hizi kabla sijashika koleo nawashika wao kwanza. Giza bado, tochi ya simu mdomoni, naanza na yule mama, nyuma ya sikio la kushoto, chini ya taya, begani, halafu upande wa pili. Ameshazoea, ananiinamishia kichwa mwenyewe. Leo nimetoa kupe watatu nikawatia kwenye kopo la mafuta ya taa, na mvua imeanza tena.