Nilivyohamia miralesi, na pangaboi za ndege ya Caravan zikatoka zimepinda kama ndizi

Kazi yangu mie ni harusi, picha na video, hapa Unguja, ila ugonjwa wangu ni ndege, hizi za abiria, kuzipiga picha. Miaka yote nilikuwa na kamera ya Canon 7D Mark II, ile ya 2014, niliinunua mkononi kwa mtu, na lenzi ndefu ya milimita 100-400 ile toleo la kwanza la mwaka 1998, unaivuta na kuisukuma kama pampu ya baiskeli na ikivuta inavuta na vumbi. Nilishaizoea. Kilichonihamisha ni harusi za usiku, ukumbini taa hafifu, picha zinatoka na chengachenga mpaka bibi harusi anauliza kwani nimemwagiwa mchanga. Kwaio nikajikusanya nikachukua R6 Mark II, miralesi, yani haina kile kioo cha ndani kinachopiga "chaka chaka", pamoja na adapta ya kuvalia lenzi zangu za zamani.

Kupiga ndege napigia juu ya dari la nyumba ya shangazi yangu, upande wa magharibi wa uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, pale penye tangi la maji. Njia ya ndege inakwenda kusini na kaskazini, kwaio mvuvi yeyote anaweza kukwambia ndege zitatua kutokea wapi: kaskazi ikivuma zinaingilia kusini, kusi ikivuma zinaingilia kaskazini. Sihitaji app.

Siku ya kwanza nikapanda na kamera mpya, kifua mbele. Shata ndio inayoamua sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, ione mwanga kwa muda gani. Nikaweka ya kimya ile ya kielektroniki kwasababu inapiga picha 40 kwa sekunde, nani atakataa 40? Ikaja Caravan, kile kindege cha pangaboi moja puani, nikabonyeza. Ikaja ATR, kubwa zaidi, ya pangaboi mbili, nikabonyeza. Ikaja Dash 8, nayo ya pangaboi mbili, nikabonyeza mpaka kamera ikaanza kusuasua yenyewe. Nimerudi ndani natia kadi kwenye laptop naona maajabu, pangaboi la Caravan limepinda kama ndizi mkono wa tembo, la ATR mapanga mengine yanaelea peke yake hayajashikana na kitu. Zaidi ya picha elfu na mia tatu na hata moja ya kumuonesha mtu hakuna. Nikadhani nimeuziwa kamera mbovu, niseme ukweli, nilishaanza kutafuta risiti.

Kumbe sivyo. Shata ya kielektroniki haichukui picha nzima kwa mpigo, sensa inasomwa mstari kwa mstari kuanzia juu kushuka chini, na wakati inashuka pangaboi nalo linazunguka, kwaio mstari wa juu unalikuta panga hapa na wa chini unalikuta limeshahama. Jeti haioneshi sana hilo tatizo. Na hapo ndipo niliposhikika, maana video zote nilizoangalia kabla ya kununua ni za watu wa Ulaya wanapiga jeti kutwa nzima. Sie huku nusu ya kinachopita juu ya bati ni mapanga. Kuna kamera za bei kubwa zaidi zenye sensa ya kusomwa haraka, Nikon Z8 na Z9 kwa mfano zimeondoa kabisa shata ya mashine, lakini hiyo ni bei ya kiwanja.

Dawa yake kwangu ilikuwa kurudi kwenye shata ya mashine, ile ya pazia linalofunguka na kufunga, picha 12 kwa sekunde, na zinatosha sana. Lakini hapo nikakutana na kosa langu la pili ambalo hata kwenye 7D nilikuwa nalo, nilikuwa napiga 1/1000 kila kitu, yani sensa inaona mwanga kwa sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Ukipiga 1/1000 panga linaganda, ndege inaonekana kama imezima injini angani inasubiri kuanguka. Nikakaa nikapiga hesabu. Pangaboi la Caravan linazunguka mpaka mara 1,900 kwa dakika, sawa na kama 32 kwa sekunde. Kwenye 1/1000 panga linasogea kidogo tu, hulioni. Kwenye 1/125 linakwenda robo ya duara, na kwa vile yako matatu kila moja linakaribia kufika alipokuwa mwenzake, unapata ile sahani nzuri inayong'aa. ATR ina mapanga sita kila injini, 1,200 kwa dakika, 1/125 inakaa vizuri tu. Dash 8 Q400 nayo sita ila inazunguka polepole, 1,020 wakati wa kuruka, hiyo nashuka mpaka 1/80 na hapo roho mkononi.

Roho mkononi kwasababu kwa 1/80 na lenzi ya 400 ukitikisika kidogo umeharibu. Inabidi uifuate ndege kiunoni, sio kwa mikono, miguu umeitanua, unaanza kuifuata mapema kabla haijafika na huachi hata baada ya kubonyeza. Lenzi yangu japo kizee ina swichi ya kutuliza mtikisiko, namba mbili ndio ya kufuatia kitu kinachokwenda pembeni. Mwanzo nilikuwa napata moja kali katika ishirini. Sasa hivi nne, siku nzuri tano. Nilikuwa najizoesha kwa daladala barabarani, shangazi akanikuta akaniuliza, "Mwanangu, umeishiwa ndege sasa unapiga magari?"

Halafu shata ya taratibu na jua letu hili haviendani. Alasiri kwa 1/125 unalazimika kubana tundu la lenzi mpaka f/16, dogo sana, na ukibana hivyo kila chembe ya vumbi kwenye sensa inatokea mbinguni kama kipele. Miralesi ukitoa lenzi sensa iko uchi inakutazama, hakuna kioo mbele yake, na lenzi yangu ndio hivyo inapumua vumbi. Nikanunua filta nyeusi ya kupunguza mwanga, ya milimita 77, nikafungua tundu la lenzi kurudi f/8. Na hapa ndipo nilipoipenda miralesi kwa dhati: kwenye 7D ukivaa filta ile unachungulia giza, hii kitundu chake cha kuchungulia ni skrini, inajiongezea mwanga yenyewe naona ndege vizuri kabisa kama filta haipo.

Fokasi pia, sitaidanganya nafsi. 7D alama zake 65 za fokasi hazifiki pembeni kabisa, ndege ikikimbilia huko ndio kwaheri. Hii mpya nimeichagulia vyombo vya usafiri na inaijua ndege, inaing'ang'ania popote ilipo kwenye fremu. Ila usiiachie ijichagulie yenyewe! Niliiacha siku moja, Dreamliner, jeti kubwa ya watalii, inashuka taratibu, kamera ikaamua kitu cha maana ni kunguru. Wale kunguru walioletwa hapa tangu miaka ya 1890 na bado wanatutia hasara.

Nilichopoteza ni urefu. 7D sensa yake ndogo, 400 inakuwa kama 640. R6 ni ful fremu, sensa kubwa, 400 ni 400, na nikikata picha nipate ukubwa ule ule wa ndege nabaki na megapikseli kama tisa kutoka 24. Kwa Caravan inayopita juu ya tangi sijali. Kwa jeti zilizo mbali naumia, basi tu.

Na joto hakuna kamera inayolitibu. Asubuhi hewa imetulia lakini kwa nilipo jua liko usoni, ndege inatoka nyeusi. Mchana jua linahamia mgongoni ila mabati ya majirani yanachemka, maandishi ya ubavuni yanacheza kama yamo ndani ya maji. Muda wangu ni saa kumi na nusu mpaka magharibi, basi.

Jengine, kabla hujapanda dari la mtu na lenzi nyeupe ndefu, jitambulishe. Mie jirani mmoja aliniona akaenda kusema, wakaja vijana wawili, "Shekhe, hicho chombo unamlenga nani?" Nikawaonesha picha, shangazi akawapa chai, yakaisha, kesho yake nikaenda kwa sheha mwenyewe nikamueleza. Ndani ya uwanja na kwenye uzio wake sipigi kabisa bila kibali, wala sijaribu.

Wiki iliyopita ikatua Dash 8 ya Air Tanzania, saa kumi na mbili kasoro, 1/80, twiga wa mkiani anasomeka na sahani zote mbili zimejaa zinameta dhahabu. Nikashuka mbio nikamuonesha shangazi. Kaitazama sana, kisha akasema, "Nzuri. Si ndio ile ya jana?"