Kutoka Uyole hadi Karonga

Ukitoka Mbeya kwenda Karonga, kaskazini mwa Malawi, unapanda kidogo hadi Isyonje, kisha unashuka tu. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, na mwili unaijua tofauti hiyo bila kuambiwa. Isyonje abiria walifunga vioo vya Kosta kwa baridi, Tukuyu tukapokewa na mvua, na tulipofika Kasumulu, mpakani, koti nililovaa Uyole limekuwa mzigo. Katikati ni migomba, chai na maparachichi ya Rungwe, kisha kakao na mpunga wa Kyela. Mama niliyekaa naye kiti kimoja alikuwa akinionyesha nyumba mpya za bati la rangi kando ya barabara. "Parachichi hizo, mwanangu. Wala si mshahara."

Safari ilikuwa ya kumsalimia shangazi, aliyeolewa Karonga mimi sijazaliwa. Kwa Wanyakyusa na Wangonde, Mto Songwe ni mpaka wa serikali; ndugu hawautambui. Lugha inapishana kidogo sana, koo zinajuana, na msiba ukitokea upande mmoja watu wa upande wa pili wanavuka daraja na vyombo vyao vya kupikia. Kwa hiyo mtu akitaka kulinganisha maisha ya Tanzania na Malawi, aje hapa. Dar es Salaam na Lilongwe zitamdanganya. Hapa watu ni wale wale, udongo ni ule ule, usipa, dagaa wetu, wanatoka ziwa moja. Kilichotofautiana ni serikali na fedha.

Na saa pia. Saa nne asubuhi Kasumulu ni saa tatu ng'ambo. Vijana wa pale wanatania kwamba Malawi ndiyo nchi pekee inayokupa kitu bure ukiingia.

Wabadili fedha wanakudaka hata kabla hujafika kwenye jengo la uhamiaji, na kuwasikiliza tu ni darasa la uchumi. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44. Dola ikawa zaidi ya kwacha 1,700 kwa bei rasmi, na kufikia mwaka 2025 bei ya mtaani ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Shilingi yetu, ambayo tunailalamikia kila siku sokoni Mwanjelwa, pale inashikwa kwa heshima.

Kutoka daraja hadi Karonga mjini ni kilomita zipatazo 45. Nyumba zilikuwa za matofali ya kuchoma kama za Kyela, ila nyasi juu ya paa ni nyingi zaidi na nguzo za umeme ni chache. Waliounganishwa na gridi Malawi hawafiki robo ya wananchi, wakati kwetu umeme umewafikia karibu nusu. Mjini, bodaboda si nyingi kama nilivyozoea. Kazi hiyo inafanywa sana na kabaza, baiskeli za kubeba abiria, na sababu yake niliiona sheli: foleni ya magari, madereva wamelala, pampu hazina kitu. Dola zikikosekana, mafuta hayaagizwi. Linaloudhi ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta yao hupakuliwa bandari ya Dar es Salaam, na malori yanapita Uyole mbele ya macho yetu. Wenye uwezo huvuka na madumu kuja kununua Kyela.

Nilipomwamkia shangazi, hakuwahi hata kumaliza "marahaba" kabla ya kuuliza kama nimeleta ndizi. Nilikuwa nazo. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza ndizi, mchele, unga, mahindi na tangawizi kutoka nje, Tanzania ikiwemo. Aprili Tanzania nayo ikazuia mazao ya Malawi kwa muda. Wakubwa walikuwa wanalinda dola na wakulima wao, sawa, lakini wafanyabiashara wa Rungwe walikwama mpakani na shangazi akala nsima, ugali wa kwao, mfululizo. Hajasamehe serikali yoyote kati ya hizo mbili.

Hadi hapo nilikuwa najiona natoka nchi tajiri. Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye uchumi wa kati wa chini Julai 2020, Malawi bado ni ya kipato cha chini, na barabarani inaonekana. Kisha shangazi akaanza kueleza presha yake. Anakwenda hospitali ya serikali, anapimwa, anamwona daktari, halipi hata tambala moja, yaani senti ya kwacha. Dawa zikiisha ataandikiwa akanunue, na zinaisha mara nyingi. Kwetu wazee wasio na uwezo wana msamaha, ila mtu wa umri wangu anaulizwa kwanza dirishani: bima au taslimu? Binamu yangu alishangaa kusikia hivyo kuliko mimi nilivyoshangaa foleni ya petroli. "Sasa asiye na hela anaugulia wapi?" Nilimweleza habari za bima. Hakuridhika, na sikuwa na jibu lingine la kumpa.

Nadhani umaskini wa Karonga hauko mezani. Tulikula vizuri, samaki wabichi kuliko wa Mbeya. Uko kwenye kupanga. Binamu anauza mchele, anapata faida, lakini akiiweka kwacha benki mwaka mzima anakuta imeliwa na bei. Kwa hiyo haweki. Akiuza, ananunua saruji, au mbuzi, au shilingi za Tanzania. Mtu wa Kyela mwenye kipato kama chake anaweza kuacha hela kwenye simu hadi mavuno yajayo akalala usingizi.

Siku ya kuondoka binamu alinisindikiza hadi mpakani, akabadilisha bunda lake la kwacha kwa ubishi mkubwa, akanikabidhi shilingi zote nimnunulie bati Mbeya. Geji 28, alisisitiza, si 30, na rangi achague mke wake, atanipigia.