Milimita 20

Alhamisi moja ya masika, mwaka 2019, nilikuta sahani 9 za petri zimelazwa kifudifudi mezani kwangu, juu yake kikaratasi: "Dada, anza na meropenemu." Nane zilikuwa na bakteria Klebsiella pneumoniae walioota kutoka kwenye damu ya watoto wachanga. Ya tisa ilikuwa E. coli wa mkojo wa mama mmoja wa kliniki ya nje. Miaka hiyo nilikuwa nafuatilia usugu wa bakteria kwenye wodi za watoto, katika hospitali moja kando ya Ziwa Victoria.

Nikachukua rula, nikaishika sahani ya kwanza mgongo juu, kitambaa cheusi chini yake, taa ikiipiga kwa ubavu. Duara la meropenemu, yaani eneo tupu ambalo diski yenye antibiotiki hiyo imezuia bakteria kuota, lilikuwa na milimita 17. La pili 16, la tatu 18. Hakuna sahani hata moja iliyofika 20. Kwa jedwali la CLSI, taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara, tulilokuwa tunalitumia, 19 kushuka chini bakteria anahesabiwa sugu. 23 kwenda juu ndipo dawa inamfaa mgonjwa.

Seftazidimu, antibiotiki nyingine, kwa wale wanane haikunishtua: milimita 6 hadi 10, na 6 ni upana wa diski yenyewe, yaani dawa haikufanya kitu. Klebsiella wenye vimeng'enya vya ESBL, vinavyovunja dawa kama hiyo, tulishawazoea, na ndiyo sababu madaktari walikuwa wameshaegemea meropenemu. Ukimwambia daktari kwamba nayo imeshindwa, anabaki na kolistini, dawa ngumu kwa figo, ambayo hata kuipima kwa diski huwezi. Molekuli yake ni kubwa, haisambai vizuri ndani ya agari, ule ute mgando wa kwenye sahani. Lazima uipime kwenye vishimo vya mchuzi wa kuoteshea bakteria, kiwango kimoja baada ya kingine.

Saa nne simu ikalia.

"Maabara, damu ya kitanda cha 4 mmefikia wapi?"

"Nipe hadi kesho asubuhi, daktari. Dawa usiibadilishe kwanza."

"Kesho mbali, dada."

Nilijua ni mbali. Ila sahani ya tisa ilikuwa imenikaa vibaya. Yule E. coli wa mkojo alikuwa na ampisilini 18, seftazidimu 27, na meropenemu 18. Kimeng'enya chenye nguvu ya kuvunja meropenemu hakiwezi kuiacha ampisilini salama; ni sawa na mwizi anayevunja sefu ya benki akashindwa na kufuli la banda la kuku. Wapo bakteria wenye kimeng'enya cha OXA-48 ambao huigusa seftazidimu kidogo tu, lakini hata hao ampisilini hawaiachi. Bakteria wa namna hiyo hayupo. Kosa lilikuwa kwetu.

Kipimo cha diski hukosea kwa njia chache zinazojulikana. Agari ya Mueller-Hinton inatakiwa iwe na kina cha milimita 4, ambayo ni kama mililita 25 kwenye sahani ya milimita 90. Ikizidi, dawa inazama kwenda chini badala ya kutanuka, duara linapungua. Mchanganyiko wa bakteria ukiwa mzito kuliko 0.5 ya McFarland, kipimo cha ukungu wake, duara linapungua pia; ukiwa mwepesi linatanuka. Na sisi tulikuwa tunalinganisha kwa jicho na chupa ya bariamu salfeti, ambayo usipoitikisa vizuri unga wake unakaa chini na wewe unalinganisha na maji matupu. Ukichelewesha sahani nje zaidi ya dakika 15 baada ya kuweka diski, dawa na bakteria wanaanza mbio zao bila mpangilio. Lakini makosa hayo yote matatu huvuruga dawa zote kwa pamoja, hayachagui moja.

Nikamtoa E. coli ATCC 25922, yule wa udhibiti ambaye majibu yake yanajulikana. Makoloni ya jana manne matano kwenye maji ya chumvi, nikatikisa, nikalinganisha. Swabu nikaikamua kwenye ukuta wa bomba ili isibebe maji mengi, nikapaka sahani mara tatu, kila mara nikiizungusha nyuzi 60, na mwisho ukingoni. Sahani ya kwanza nikaiwekea diski kutoka kwenye katriji zilizokuwa zinatumika. Ya pili, diski za katriji mpya zilizotoka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, nilizoziacha mezani saa nzima bila kuzifungua hadi ubaridi ukazitoka. Kisha nikarudia bakteria wote 9 kwa diski mpya. Inkubeta nyuzi 35.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilisoma sahani ya diski za zamani. Jentamaisini 22, inatakiwa 19 hadi 26. Siprofloksasini 33, safi. Seftazidimu 27, imo. Ampisilini 16, imo ila imejibanza ukingoni. Amoksilini na klavulaneti 15, wakati haitakiwi kushuka chini ya 18. Meropenemu 20, na inatakiwa ianzie 28. Sahani ya diski mpya: meropenemu 31.

Yaani zilizoanguka zilikuwa zile zinazoogopa unyevu. Pete ya beta-laktamu ya meropenemu hufunguka ikikutana na maji, na klavulaneti ndiyo dhaifu kabisa.

Nikamuita kijana wetu wa maabara.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Jumanne umeme ulipokatika, diski mlifanyaje?"

Alizihamishia kwenye boksi la barafu, zisiharibike. Alikuwa na nia njema. Chupa ya silika, inayofyonza unyevu, ilibaki kwenye jokofu, barafu ikayeyuka, na umeme uliporudi akafungua katriji zikiwa bado baridi. Unyevu wa masika ukaingia. Udhibiti wa Jumatatu ulikuwa umepita vizuri, na mwongozo ulisema urudiwe Jumatatu ijayo. Kwamba urudiwe pia kila umeme unapokatika haukuandikwa mahali. Mwongozo huo niliuandika mimi.

Watoto saba kati ya wanane walirudi na meropenemu 26 hadi 30. Kitanda cha 4 kilikuwa 28, nikampigia daktari hapo hapo. Yule E. coli wa mkojo alikuwa 32.

Klebsiella wa kitanda cha 9 alibaki 15.

Kwa huyo nikafanya mCIM, jaribio la kutambua kimeng'enya kinachovunja meropenemu. Kitanzi cha mikrolita 1 ya bakteria ndani ya mililita 2 za mchuzi wa soya, diski ya meropenemu ya mikrogramu 10 ikazamishwa humo saa 4 kwa nyuzi 35. Halafu unaitoa, unaikung'uta maji, unaiweka juu ya sahani iliyopakwa ATCC 25922. Bakteria akiwa na kimeng'enya, diski inatoka mle imekwisha nguvu na duara halitokei. Hapa ndipo jasho lilinitoka nilipofikiria: laiti ningekimbilia mCIM siku ya Alhamisi kwa diski zile mbovu, sahani zote zingeweza kuonekana zina kimeng'enya, na jaribio la pili lingeutilia muhuri uongo wa la kwanza. Safari hii nikaweka na diski iliyokaa kwenye mchuzi mtupu, kuhakikisha.

Jumamosi asubuhi, diski ya mchuzi mtupu ilikuwa na duara pana. Ya kitanda cha 9, milimita 6.

Nilipiga simu wodini, nikaomba mtoto huyo atengwe na vifaa vyake visihamishwe kwenda kitanda kingine. Nesi aliyepokea alikuwa ameshasikia minong'ono ya Alhamisi.

"Mmoja tu, dada? Si walikuwa wanane?"

"Mmoja tu. Fomu naileta mwenyewe."