"Soma makaratasi yako, sisi tunamgeuza baba"

Maneno ya dada hayo, mbele ya nesi, na tangu Jumanne hayajanitoka. Baba kahamishwa kutoka chumba cha uangalizi maalumu, binamu kafunga ndoa, ile kazi nimeipata. Yote yamepita, nimebaki na sentensi hiyo.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya maabara: sodiamu, yaani chumvi ya damu, 128, na kawaida huanzia 135. Baba alikuwa anasinzia katikati ya maneno, akimwita mjukuu kwa jina la marehemu ami. Wote wakasema ni kiharusi. Nilitaka dada ajue huenda si kiharusi peke yake. Damu ikikatika, pampu za seli hukosa nguvu: potasiamu humwagika nje, sodiamu na kalsiamu hufurika ndani, maji yakafuata, ubongo ukavimba. Kisha ubongo ulioumia waweza kuvuruga homoni inayoziamuru figo zizuie maji. Sodiamu ya damu ikashuka na uvimbe ukazidi.

"Si wamwongezee chumvi basi!"

Nikamwambia haipandishwi kwa pupa. Daktari wa zamu hataki ipande zaidi ya 8 kwa saa 24, kwani ikiruka ghafla hubabua utando wa neva kwenye shina la ubongo. Ndipo akanitupia lile neno. Nimelirudia njiani, jikoni, kitandani. Usiku wa Jumapili, baba alipolowa, nani aliyembadilisha shuka?

Leo asubuhi dripu ya chumvi kali imetolewa. Sodiamu 134. Nesi kanipa bega la kushoto, dada kashika nyonga, tumemgeuza pamoja. Baba kafumbua macho, kamwita mjukuu kwa jina lake! Nimelia pale pale.

Baadaye dada kaniuliza, taratibu, kuhusu vidonge vya magnesiamu alivyoshauriwa na jirani. Nikamweleza utafiti wa Los Angeles uliochapishwa 2015: wagonjwa 1,700 wa kiharusi, karibu nusu wakianzishiwa magnesiamu ndani ya ambulensi, katika saa 2 za mwanzo, ili izuie kalsiamu isifurike. Baada ya siku 90 hawakuwa na nafuu kuliko wenzao. Tumaini kubwa lile, nalo likagonga mwamba.

"Basi sivinunui," akasema, akaikunja karatasi ya maabara vizuri na kuitia mkobani mwake.

Mwenye nyumba bado hajajibu. Mkataba unaisha mwisho wa mwezi, na simu yangu haipokei.